Jinsi ya kufuatilia kura na kazi za seneta wako katika Seneti ya Kenya

Siasa zikipamba moto, swali huwa lilelile: seneta wetu amefanya nini kule Nairobi? Majibu mengi yanayosambaa hutokana na video fupi, au na hesabu ya mara alizosimama kuzungumza. Mimi huandaa rekodi za maseneta kwa vikundi vya wananchi wanaotaka kuzitumia katika mikutano yao, na jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: kabla hujaihesabu kura, hakikisha kwanza kwamba ilikuwa kura ya seneta huyo. Ukiruka hapo utamsingizia mtu uvivu ambao hana, au utampa mwingine sifa asiyoistahili.

Unachohitaji ni simu au kompyuta yenye intaneti, jedwali la kuandikia (daftari lililopigwa mistari linatosha), nakala ya Katiba ya 2010 na subira. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, hupatikana bila malipo kwenye tovuti ya Bunge, parliament.go.ke.

Hatua ya 1: Jua seneta wako aliingiaje

Seneti ina maseneta 67, ukimweka Spika kando. Kati yao 47 wamechaguliwa na wapiga kura, mmoja kwa kila kaunti. Wanawake 16 wameteuliwa na vyama kulingana na viti ambavyo vyama hivyo vilipata. Wawili, mwanamume na mwanamke, wanawakilisha vijana, na wawili wengine, pia mwanamume na mwanamke, wanawakilisha watu wenye ulemavu. Haya yako katika Kifungu cha 98 cha Katiba.

Juu kabisa ya jedwali andika jina lake kamili, chama, kaunti, kama amechaguliwa au ameteuliwa, kamati zake, na tarehe aliyoapishwa. Usiidharau tarehe hiyo. Aliyeingia kupitia uchaguzi mdogo hawezi kuulizwa kuhusu kura zilizopigwa kabla hajala kiapo, na bado watu humuuliza.

Hatua ya 2: Tenganisha kura ya kaunti na kura ya seneta

Hapa ndipo rekodi nyingi huharibikia, kwa hiyo tulia.

Kifungu cha 123 kinasema kwamba maseneta wote waliojiandikisha kupiga kura katika kaunti fulani ni ujumbe mmoja, na kiongozi wa ujumbe huo ni yule aliyechaguliwa. Jambo linapohusu kaunti, kila ujumbe una kura moja tu. Kura hiyo hupigwa na kiongozi baada ya kushauriana na wenzake, au hupigwa na mwenzake aliyemteua iwapo yeye hayupo. Ili jambo lipite, lazima liungwe mkono na wingi wa jumbe zote. Jumbe ni 47, kwa hiyo zinatakiwa 24, hata kama ukumbini wamefika wachache.

Jambo lisipohusu kaunti, kila seneta ana kura yake. Kama si mswada, anayeamua ni kura ya aina gani ni Spika wa Seneti, na uamuzi wake huutoa kabla kura haijapigwa; ikiwa ni mswada, maspika wa mabunge yote mawili huamua kwa pamoja kama unahusu kaunti.

Sasa chukua seneta aliyeteuliwa ambaye jina lake halionekani katika kura nyingi za miswada ya kaunti. Mtu asiyejua kanuni atasema haji kazini. Huenda amekaa ukumbini mchana kutwa na amechangia mjadala, ila kura ya kaunti imepigwa na kiongozi wa ujumbe wake. Kinyume chake pia hutokea: unakuta jina la seneta mteule kwenye orodha na kaunti imetajwa pembeni. Maana yake siku hiyo yeye ndiye aliyebeba kura ya kaunti. Hilo liandike kwa wote wawili: mteule alipiga kura kwa niaba ya ujumbe, na aliyechaguliwa hakuipiga mwenyewe.

Mfano mzuri wa kura ya mtu mmoja mmoja ni ya tarehe 17 Oktoba 2024, maseneta walipoamua hatima ya Naibu Rais Rigathi Gachagua. Kifungu cha 145 kinadai thuluthi mbili ya maseneta wote, yaani 45 kati ya 67, kwa hiyo wateule nao walipiga kura zao wenyewe. Tena hawakupiga kura moja. Kulikuwa na mashtaka 11, kila shtaka likapigiwa kura yake, na matano yakathibitishwa. La kwanza lilipata kura 54 za ndio dhidi ya 13 za la. Ukiandika kwamba seneta wako “alipiga kura ya kumbandua” na ukaishia hapo, umefuta habari yenyewe, kwa sababu wapo waliokubali shtaka moja na kukataa jingine. Kila shtaka lipe mstari wake kwenye jedwali.

Hatua ya 3: Ondoa kura ambazo hazikuwepo

Kura nyingi bungeni ni za sauti. Spika huwaomba wanaokubali waseme ndio, kisha wanaopinga waseme la, halafu hutangaza upande ulioshinda. Majina hayaandikwi. Kura kama hiyo usimwekee seneta yeyote, hata kama ulimwona kwenye runinga akiitikia.

Ipo pia miswada ambayo Seneti haikuipigia kura kabisa. Watu wengi walitaka kujua maseneta wao walipigaje kura kuhusu Mswada wa Fedha wa 2024. Kura ile ya tarehe 25 Juni 2024, ya 195 kwa 106, ilikuwa ya Bunge la Kitaifa, na waliopiga ni wabunge. Seneta unaweza kumuuliza alisema nini hadharani kuhusu mswada huo. Kumwekea ndio au la ni kumzulia.

Hatua ya 4: Tafuta majina ndani ya Hansard

Fungua Hansard ya siku husika na utumie sehemu ya kutafuta. Sehemu kubwa ya Hansard imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta “Division” (kura ya majina), “Ayes” (waliokubali) na “Noes” (waliokataa). Utakuta kwanza swali lililoulizwa, kisha maelezo kwamba Seneti ilipiga kura kwa jumbe za kaunti, halafu orodha. Kila jina hufuatwa na kaunti yake. Chini ya orodha kuna jumla ya waliokubali, waliokataa na wasioegemea upande wowote.

Soma swali lenyewe neno kwa neno kabla hujanakili jina. Mswada mmoja hupigiwa kura zaidi ya mara moja: unaposomwa mara ya pili, vifungu vyake vinapopitiwa katika Kamati ya Seneti Nzima, na unaposomwa mara ya tatu. Seneta anaweza kuunga mkono mswada kwa jumla na akapinga marekebisho ya kifungu kimoja. Hizo ni kura mbili tofauti, na mara nyingi ile ya kifungu ndiyo inayokuonyesha alikuwa akitetea nini.

Usishangae ukikuta mjadala umefika mwisho bila kura. Akidi ya Seneti, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiendelee, ni maseneta 15, na mambo ya kaunti yanahitaji jumbe 24 ili yapite. Kwa hiyo inawezekana kujadili na isiwezekane kupitisha, na mwenye hoja huomba swali liahirishwe hadi siku nyingine. Andika tarehe ya mjadala, kisha fuata orodha za shughuli za siku zinazofuata mpaka uikute kura yenyewe.

Kwenye jedwali weka safu hizi: tarehe, swali lililopigiwa kura, aina ya kura, nani aliipiga kwa niaba ya kaunti, alipigaje, matokeo, na ukurasa wa Hansard. Ukurasa ndio utakaokuokoa siku msaidizi wa seneta atakapopiga simu akilalamika.

Majina yanahitaji jicho. Hansard huweza kutumia jina moja tu la ukoo, au kuongeza herufi ya kwanza pale maseneta wawili wanapolingana. Jina lenye ng’ linaweza lisionekane kwa sababu alama yake imeandikwa kwa namna nyingine, kwa hiyo tafuta herufi za mbele yake au za nyuma yake peke yake. Seneta anayependa kuzungumza Kiswahili, maneno yake yameandikwa kwa Kiswahili vilevile, basi mada nazo zitafute kwa lugha zote mbili: “mgao wa fedha” na pia neno lake la Kiingereza.

Hatua ya 5: Kutokuwepo usikuandike kama upinzani

Jina lisipoonekana katika kura ya majina, andika “hayumo katika orodha”. Usiandike kwamba alikataa, wala kwamba alitoroka. Anaweza kuwa safarini na kamati, au mgonjwa, au amekaa nje kwa makusudi ili jumbe 24 zisitimie. Kukaa nje ni mbinu halali ya kisiasa, lakini orodha peke yake haikuthibitishii nia ya mtu. Ukiona mtindo unaojirudia katika mada moja, hapo una swali la kumuuliza.

Mahudhurio ni suala zito kisheria. Kifungu cha 103 kinasema kiti huwa wazi iwapo mbunge au seneta atakosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha Bunge bila ruhusa ya Spika ya maandishi, na akashindwa kujieleza kwa kamati inayohusika. Kwa hiyo usitupe tuhuma ya utoro kwa kutegemea Hansard. Hansard hunakili waliozungumza, na seneta anaweza kukaa siku nzima bila kutamka neno.

Hatua ya 6: Pima kazi ambayo si kura

Miswada ni rahisi kuhesabu na ni rahisi kupotosha. Mswada unaopitishwa na Seneti hupelekwa Bunge la Kitaifa, na huko unaweza kubadilishwa, kukataliwa au kukwama. Mabunge hayo mawili yasipoafikiana, mswada wa kawaida unaohusu kaunti huenda kwa kamati ya upatanishi. Kwa hiyo usiulize tu kama umekuwa sheria. Uliza umefika wapi, na seneta aliufuatilia vipi ulipotoka mikononi mwake.

Mimi huvutiwa zaidi na maombi ya taarifa. Seneta husimama na kuitaka kamati fulani ichunguze jambo, tuseme hospitali ya kaunti isiyo na dawa au malipo ya wanakandarasi. Kuuliza ni dakika chache. Fuatilia kama kamati ililishughulikia, na kama aliyeuliza alirudi kulidai jibu. Maombi yasiyofuatiliwa yapange katika kundi lake.

Kisha soma ripoti za kamati. Nyingi zina viambatisho vya kumbukumbu za vikao vyenye majina ya waliohudhuria, pamoja na ukurasa wa sahihi za walioipitisha ripoti. Pale utamwona seneta asiyesikika ukumbini akifika kikao baada ya kikao kuwahoji magavana kuhusu hesabu zao. Kwa macho yangu, kusimamia fedha zinazopelekwa kaunti ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambazo Kifungu cha 96 kinampa seneta, na video fupi hazikuonyeshi kazi hiyo.

Mvutano nao una uzito wake. Mjadala wa mfumo wa kugawa mapato baina ya kaunti mwaka 2020 uliahirishwa tena na tena kabla ya maafikiano ya Septemba mwaka huo. Ukitazama kura ya mwisho peke yake utaona umoja. Hansard za wiki zilizotangulia ndizo zitakazokuonyesha nani alisimama na nani.

Hatua ya 7: Omba kilichokosekana

Rekodi ya mahudhurio au ripoti usiyoiona mtandaoni, iombe kwa barua kwa Karani wa Seneti kupitia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili, hulazimiki kueleza sababu, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Taja tarehe na stakabadhi unayoitaka. “Nataka rekodi zote za seneta wetu” ni ombi litakalokucheleweshea jibu. Sheria inatoa siku 21. Ukikataliwa, unaweza kuomba uamuzi upitiwe upya na ofisi ya Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Chini ya kurasa za Hansard ya mtandaoni kuna maelezo kwamba nakala hiyo ni ya kuarifu tu, na kwamba nakala iliyothibitishwa hutolewa na ofisi ya Hansard. Kama unachotaka kuchapisha kinaweza kumchafulia mtu jina, omba iliyothibitishwa.

Hatua ya 8: Mpe seneta nafasi ya kujibu

Kabla hujasambaza jedwali, litume kwa ofisi ya seneta na uweke tarehe ya mwisho ya kujibu. Akisema kwamba kura fulani si yake, rudi kwenye ukurasa uliouandika na uhakiki. Akiwa sahihi, rekebisha mstari huo na uandike tarehe ya marekebisho. Akieleza kwa nini hakuwepo, maelezo yake yaweke kwenye safu ya pembeni kama alivyoyatoa, na mstari wa Hansard uache ulivyo.

Wasomaji wako nao wape ukurasa wa Hansard kwa kila mstari, ili atakayebisha aende akajionee mwenyewe.