Mishale ikikata: kutafuta njia kwenye Vía de la Plata kwa miguu

Juzi dada mmoja ninayemfahamu kanitumia picha kutoka Extremadura, Hispania, jiwe la mraba limesimama peke yake katikati ya malisho, ubavuni lina kigae cha rangi, na chini kaandika "kaka nifuate rangi gani, maana hapa sioni mtu wala mbuzi". Nikacheka, halafu nikakumbuka jiwe kama hilohilo lilinifanya nini mimi, kicheko kikaisha. Tulitumiana voisi noti karibu nusu saa, sasa nayaweka yote hapa ili mwingine akiuliza nisirudie.

Kwa asiyeijua: Vía de la Plata ni njia ya hija inayoanzia Sevilla kusini kabisa hadi Santiago de Compostela, karibu kilomita 1,000. Siyo ile njia ya Wafaransa (Camino Francés), njia ya hija maarufu zaidi, yenye watu wamejipanga kama foleni ya benki. Huku unaweza kutembea siku nzima usikutane na hujaji hata mmoja, na ndiyo maana kupotea kunauma, hakuna mgongo wa mtu wa kuufuata. Jina lenyewe Plata kwa Kihispania ni fedha, ile ya madini, ila fedha hakuna, wengi wanasema limetoka kwenye neno la Kiarabu balat, njia iliyosakafiwa kwa mawe. Mawe ya Warumi. Yashike hayo mawe kichwani, yatarudi.

Hatua ya 1: ramani iwe ndani ya simu kabla hujaondoka

Pakua OsmAnd au Organic Maps, pakua ramani ya Hispania nzima, tia faili la GPX la njia, yaani faili linalochora mstari wa njia kwenye ramani, jaribu ukiwa umezima data. Kwisha. Zile apu za kukuongoza barabarani achana nazo, zitakupeleka kwenye lami kila mara kwa sababu ndiyo kazi yake.

Angalia tu tarehe ya hilo faili. Kaskazini ya Cáceres ujenzi wa reli ya treni ya mwendo kasi ulishawahi kuhamisha njia, kwa hiyo faili la zamani linaweza kukuonyesha njia na wewe unaona uzio. Hapo amini mishale ya njano iliyopakwa njiani mbele yako.

Hatua ya 2: jua na N-630

Hii watu wanaidharau kwa sababu haina betri. Kutoka Sevilla hadi juu ya Zamora unaelekea kaskazini, kwa hiyo asubuhi jua linakuwa mkono wa kulia na kivuli chako kinaangukia kushoto. Mchana kivuli kinakutangulia mbele. Ila mchana wa kule ukiwa na saa ya kiangazi jua linafika katikati kwenye saa 8 hivi, siyo saa 6, kwa hiyo usije ukapiga hesabu ya nyumbani ukajiona umepinda.

Halafu kuna barabara kuu ya N-630, inakwenda sambamba na wewe karibu muda wote, mara kushoto mara kulia. Kila asubuhi kabla ya kutoka mimi naangalia ramani mara moja tu: leo N-630 ipo upande gani? Nikijua hilo najua mambo yakiharibika nikate upande gani mpaka nisikie magari.

Hatua ya 3: alama zipi ni zako

Mshale wa njano ni wako. Alianza kuipaka padre wa O Cebreiro, Elías Valiña, mwaka 1984 kwenye njia ya Wafaransa, na wanaojitolea wakaieneza kwenye njia nyingine. Tafuta kwenye nguzo za umeme, nguzo za geti, mawe ya chini, nyuma ya vibao vya barabarani, pembe za nyumba. Mistari miwili mweupe na mwekundu ni ya njia ndefu za matembezi ya kawaida, wakati mwingine inakwenda na wewe na wakati mwingine inakuacha. Hiyo mistari ikiwa imepigwa msalaba maana yake usipite huku, ila inamwambia anayefuata njia ile, siyo lazima wewe. Kibao kidogo kilichogawanywa kimshazari, nusu nyeupe nusu nyeusi, hakihusiani na njia kabisa, ni mpaka wa eneo la uwindaji. Namjua mtu alivifuata vile vibao kilomita nzima akidhani ni hija.

Hatua ya 4: yale mawe ya Extremadura

Hapa ndipo nilipopotezea siku, kwa hiyo nivumilie.

Ukishatoka El Real de la Jara ukavuka kijito chenye magofu ya ngome pembeni, umeingia Extremadura, na kuanzia hapo hadi Baños de Montemayor utaona mawe ya mraba ya matale yana vigae vya rangi. Kigae cha njano ni njia ya mahujaji. Kigae cha kijani ni barabara ya kale ya Warumi, pale ilipopita kihistoria. Yakiwa na rangi zote mbili, njia yako na ya Warumi ni moja, tembea. Yakiwa na kijani peke yake, jiwe linakwambia tu kwamba Warumi walipita hapa miaka elfu mbili iliyopita. Halikwambii kwamba wewe utapita!

Mimi sikulijua hilo. Nilijua jiwe ni jiwe. Nilitoka Carcaboso saa 12 asubuhi, siku ile ndefu ya kwenda Aldeanueva del Camino, kama kilomita 38 na njiani hakuna kijiji, kuna tao la Cáparra tu, lile la Warumi lenye nguzo nne na pande zote wazi. Mawe yalikuwa yananipa rangi mbili, mbili, mbili, nikazoea, nikaacha kuangalia rangi. Mahali fulani njia ya udongo ikapinda kulia kidogo na mbele yangu moja kwa moja kwenye nyasi likaonekana jiwe lingine. Nikalifuata. Na baada yake lingine. Najisifia kabisa, naona hii njia wamenitengenezea mimi. Nyasi zikawa ndefu, njia ikawa siyo njia, lakini mawe yapo, basi nikasema Warumi hawakukosea. Nikafika ukuta wa mawe usio na geti, nikaupanda. Nikafika waya, nikapita chini yake na begi nikalisukuma. Mbele kukawa na vichaka vya miiba na kijito kimejaa, na ng'ambo ya kijito, Mungu wangu, jiwe lingine! Nikatafuta pa kuvukia juu na chini zaidi ya saa moja.

Ndipo nikalala chini nikala chungwa, na pale kwa kukosa kazi nikaliangalia jiwe la karibu. Kijani tupu.

Kurudi hadi pale nilipoikosa njia na kuvuka tena ule ukuta, jumla saa nne zilikwenda, na maji yalibaki chini ya nusu lita. Aldeanueva niliingia saa 3 usiku nikiwa natembea kama kuku aliyefungwa miguu.

Sasa tahadhari zake, maana sheria ya rangi pekee haitoshi:

Vigae vinabanduka. Jiwe lenye shimo tupu pale kigae kilipokuwa halina ushahidi wowote, lichukulie kama halipo. Vingine vimefifia kwa jua mpaka njano na kijani vinafanana, zunguka jiwe uangalie pande zote, sugua na kidole kama kuna vumbi. Mshale wa njano uliopakwa rangi ukipingana na jiwe, fuata mshale, kwa sababu jiwe liliwekwa mara moja na mshale kuna mtu anarudi kuupaka. Na kuona jiwe mbele siyo sababu ya kuacha njia inayokanyagika, kwanza soma jiwe ulilosimama nalo. Kosa langu lilikuwa hilo, nilikuwa nasoma jiwe linalofuata kwa macho ya mbali, nalo kwa mbali halina rangi.

Ukivuka Baños de Montemayor kuingia mkoa wa Salamanca mfumo huu unaisha, usiendelee kutafuta vigae.

Hatua ya 5: umepotea, sasa

Kila ukipita mshale jiambie kimoyomoyo "nimeuona", na ukifika njia panda angalia saa. Dakika kumi na tano baada ya njia panda bila alama, simama. Kwenye njia iliyonyooka isiyo na pa kukatia usihangaike, hakuna anayepaka mishale pasipo na njia mbili. Shida ni njia panda.

Ukishasimama, rudi hadi alama ya mwisho ULIYOIONA kwa macho, siyo uliyodhani umeiona. Najua inauma, kila mtu anataka kukata kona kupitia shambani aungane na ule mstari wa GPX unaoonekana mita 400 tu. Hizo mita 400 zina waya, korongo, na mara nyingine ng'ombe wenye pembe ambao hawajazoea wageni. Rudi tu. Simu itoe mfukoni sasa, siyo kabla, mimi sipendi kabisa watu wanaotembea na skrini mkononi kuanzia asubuhi, betri inakufa saa 7 mchana na mishale hawajajifunza kuisoma.

Hali ikiwa mbaya kweli piga 112, namba ya dharura. Na kuna apu ya polisi wa kule, AlertCops, iweke kabla hujaanza.

Hatua ya 6: mageti

Utafungua mengi sana kwenye dehesa, yale malisho yenye mialoni. Funga kila ulilofungua, hata likiwa limefungwa kwa kamba na maombi. Geti lililofungwa halimaanishi umekosea njia, sukuma kwanza. Lenye kufuli na halina mshale, hapo umekosea.

Hatua ya 7: maji

Mvua ikinyesha vijito vinakata njia, cha kwanza kipo mapema tu kati ya Santiponce na Guillena. Usivuke usichoona chini yake, zunguka kwa lami. Majira ya joto ni kinyume, vinakauka, na joto la Extremadura linapita nyuzi 40, kwa hiyo nenda Aprili na Mei au Septemba kuelekea Oktoba.

Hatua ya 8: Granja de Moreruela na kuendelea

Juu ya Zamora, kwenye kijiji cha Granja de Moreruela, njia inagawanyika na mishale ipo pande zote mbili, zote ya njano na zote ni sahihi. Kulia unakwenda Astorga kuungana na njia ya Wafaransa, kushoto unashika njia iitwayo Sanabrés kupitia Puebla de Sanabria na Ourense. Amua usiku wa kuamkia, usiamue pale umesimama na usingizi. Mimi kushoto, siku zote, ukimya wote ule halafu ukamalizie kwenye foleni kwa nini?

Ukishika kushoto unaaga N-630 na jua la asubuhi linahamia mgongoni. Ukivuka daraja la Quintos juu ya mto Esla kata kushoto hapohapo kwenye kijia cha mawe kinachopanda kando ya mto, wengi wanapitiliza na lami. Mbele huko barabara kuu nyingine, N-525, inachukua kazi ya N-630, lakini A Gudiña njia inagawanyika tena, kupitia Laza au Verín, zinakutana Ourense. Barabara inakwenda na njia ya Verín. Ukichagua Laza huna barabara kuu ya kusikiliza, kwa hiyo siku hiyo simu iwe imejaa chaji.