Mtu wenu akibebwa na vyombo vya usalama, anza na daftari

Kitu cha kwanza sio kuposti picha, ni daftari, lile la karatasi la watoto wa shule, maana simu nayo inaweza kubebwa. Andika saa, mahali, nguo alizovaa, nani aliona, na gari, na kama ni zile HiAce zisizo na namba ambazo Kampala tunaziita droni, andika rangi na zilikoelekea. Shemeji yangu alipochukuliwa tulilia siku mbili, loya alipouliza saa ngapi kila mtu akataja saa yake. Aibu tupu.

Katiba ya Uganda ya 1995 kifungu cha 23 inataka afikishwe kotini ndani ya saa 48, ndugu waambiwe, na amuone loya. Basi zungukeni vituo vya polisi wawili wawili, na kila afande akisema "hapa hayupo" andikeni jina lake na saa, akikataa jina andikeni alivyo, kwa sababu hilo "hayupo" ndilo loya anaenda nalo kotini kuomba habeas corpus, yaani jaji aamuru aliyemshika amlete. Haki hiyo haifungiwi hata wakati wa hali ya hatari. Ongea kwa heshima tu, "habari ya kazi afande" ya Kiswahili inalegeza wengi. Na bondi, yaani dhamana ya polisi, ni bure, anayetaka "ya mafuta" anataka yake.

Ulizeni pia ni koti gani. Kizza Besigye, yule mwanasiasa wa upinzani, alikamatwa Nairobi Novemba 2024 akaibukia koti ya jeshi Makindye, halafu tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu (Supreme Court) ikasema raia wasishtakiwe huko, na Bunge mwaka huohuo likapitisha sheria ya kuwarudisha kwenye koti hiyo ya jeshi. Kama kesi ni ya High Court peke yake, mfano uhaini, hesabu siku 180 za rimandi, zikiisha kabla haijapelekwa huko ana haki ya dhamana.

Sasa akishafika gereza la Luzira au Kitalya ndio kazi yenyewe inaanza, na hapo ndipo wanaharakati wengi wanayeyuka. Wiki ya kwanza nyumba imejaa watu, ya sita mke kabaki na mwenye nyumba anayedai kodi. Tafuteni watu wanane wasiochoka, kila mmoja elfu ishirini kwa mwezi, ziingie kwenye simu ya mke mwenyewe sio ya mwenyekiti (tumeshaona), na msisubiri aombe. Mama mmoja aliniambia kilichomchoma sio jela, ni mtoto kufukuzwa shule huku waliopiga picha na mumewe wakiwa hawapokei simu.

Siku ya kumuona beba kitambulisho, na uliza mapema getini nini kinaingia. Mara yangu ya kwanza askari alikata sabuni katikati kwa kisu, akamimina sukari yote kwenye kavera, mfuko wa plastiki, ili aone chini, ikapasuka, nikabaki naokota sukari kwenye vumbi. Tangu hapo nabeba kavera tatu za ziada.

Picha ya familia msiirushe bila mke kukubali, na mtoto asiulizwe mbele ya kamera baba yuko wapi. Daftari likijaa nunueni lingine, la zamani mkalifiche kwa jirani ambaye hata kofia ya chama hana.