Kutia nanga ghuba msiyoijua

Nyie mnaosafiri wawili na boti ya tanga huku pwani yetu, Pemba, Mafia, Kilifi na kwingine, hesabuni kamba ya nanga kwa maji yakijaa sio kwa yale mliyoyakuta, maana bamvua (siku maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida) huku maji yanapanda hadi kama mita 4. Mkikuta kina mita 4 maji yamekupwa, ongeza hizo 4, ongeza mita moja ya kimo cha omo (mbele ya boti) toka majini, inakuwa 9, zidisha mara 5 kama ni cheni tupu, yani mita 45, na kama ni kamba zidisha mara 7. Mkifika maji yamejaa ndo angalieni msije mkakalia mwamba yakitoka!

Ingieni jua likiwa juu au mgongoni, mchanga unaonekana mweupe-mweupe na matumbawe kahawia. Wa omo na wa sukani muelewane ishara za mikono kabla, kwa injini na upepo hamtasikilizana na kupigiana kelele ndo kunaleta ugomvi bure. Nanga ikishashika rudi nyuma na injini polepole, chagua mnazi na paa lililo nyuma yake, vikiachana boti inakokota nanga.