Kuchagua mashine ya msasa kwa vipande vyembamba vya mbao

Kipande chenye unene wa chini ya milimita 6 huharibika kwa mambo mawili: mashine inakula haraka kuliko mkono unavyoweza kuizuia, au kipande hakina kitu cha kukishika chini. Dukani angalia hayo. Wati za mota ziache mwisho.

Hatua ya 1: Jua kazi yenyewe. Kupunguza unene ili vipande vilingane ni kazi moja, kulainisha uso ni nyingine, na mashine zake ni mbili tofauti. Wanaonunua moja kwa kazi zote ndio wanaoirudisha sokoni.

Hatua ya 2: Achana na mashine ya mkanda ya mkononi. Ikiinama kidogo tu inachimba shimo, na ganda la juu la plaiwudi, ambalo mara nyingi halifiki milimita 1, litatoboka hadi gundi ionekane kabla hujawahi kuizima. Randa ya umeme nayo haifai: visu hunyanyua kipande chembamba na kukipasua, hasa nyuzi zikiwa zimepinda.

Hatua ya 3: Ya kulainishia. Chukua mashine ya duara inayozunguka huku ikitikisika, yenye sahani (bamba la kubandikia msasa) ya milimita 125. Kwenye kibandiko tafuta upana wa mtikisiko: milimita 2.5 hadi 3 ndiyo ya kazi laini. Ya milimita 5 inakula zaidi na kuacha vijiduara vinavyojitokeza ukipaka vanishi. Kidhibiti cha mwendo ni lazima. Sahani iwe ngumu kiasi, kwa sababu iliyo laini sana huviringisha kingo.

Hatua ya 4: Ya kupunguzia unene. Hapa ni mashine ya ngoma: ngoma iliyozungushiwa msasa juu, mkanda wa kusukuma mbao chini. Kabla ya kulipa, pitisha vijiti viwili vya ubao mmoja, kimoja kila mwisho wa ngoma, kisha vipime unene kwa kalipa. Tofauti ya milimita 0.1 ni kubwa kwa kijiti cha milimita 2. Muuzaji airekebishe mbele yako. Pima pia umbali kati ya rola mbili za kukandamiza mbao, moja mbele ya ngoma na nyingine nyuma yake. Kipande kifupi kuliko umbali huo hakishikiki, na kinaweza kurushwa.

Hatua ya 5: Kipande chembamba kipitishe kwenye mashine ya ngoma kikiwa juu ya ubao wa kubebea. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18 iliyonyooka inatosha. Bandika kipande kwa selotepu ya pande mbili. Anza na msasa namba 80, malizia na 120 au 150, na kila pito lisizidi milimita 0.1. Usisimamishe mkanda katikati, maana ngoma itachimba mfereji papo hapo.

Mistari myeusi ni dalili ya msasa ulioziba. Mtiki, wenye mafuta, huuziba haraka. Usafishe kwa kipande cha mpira wa kusafishia msasa, punguza kina, ongeza kidogo mwendo wa mkanda. Ukiwa na mpingo, unganisha mashine ya kuvuta vumbi na uvae barakoa, kwani vumbi lake huwasha ngozi na kifua.

Kubandua, ingiza kisu chembamba cha plastiki kwenye selotepu kuanzia mwisho mmoja. Ukikunja kipande chenyewe, kitavunjika.