Namna ya Kuanzisha Chuo Kidogo cha Walimu wa Chekechea

Mtu anayetaka kufungua chuo cha walimu wa chekechea nchini Uganda kwa kawaida hutafuta jengo, hununua madawati, hutangaza nafasi, na mwishoni kabisa ndipo anapoanza kubisha hodi katika shule za jirani akiomba wanafunzi wake wapokelewe kwa mazoezi. Ushauri wangu ni kuupindua utaratibu huo. Fungua chekechea kwanza, iendeshe kwa mwaka mzima au zaidi, kisha chuo kiote pembeni yake, kwa sababu mwalimu wa watoto wa miaka mitatu hajifunzi kazi hiyo kwa kunakili ubaoni, bali kwa kuketi sakafuni pamoja nao mbele ya mtu aliyeizoea.

Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza ya elimu, lakini iliiacha mikononi mwa watu na mashirika binafsi. Kwa hiyo usitarajie fedha za serikali kama zile zinazokwenda katika shule za msingi tangu mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1997. Ada ya wazazi ndiyo itakayolipa mishahara. Anzia ofisi ya elimu ya wilaya, uombe leseni, na usajili utafuata. Wakaguzi watataka kuona ardhi, vyoo, maji na vyeti vya walimu.

Njia ya chuo ni nyingine, tena ndiyo yenye mitego. Kwa miaka mingi vyeti vya ualimu vilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Kyambogo, lakini Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 iliweka shahada kuwa kiwango cha chini kwa walimu wa ngazi zote, wa awali wakiwemo. Kabla ya kubandika tangazo hata moja, iandikie Wizara ya Elimu na Michezo, uulize ni mafunzo gani unaruhusiwa kutoa na yatatambuliwaje, na usubiri jibu la maandishi. Msichana wa Busia ambaye mama yake ameuza mbuzi ili amlipie ada hastahili kugundua baada ya miaka miwili kwamba karatasi aliyopewa haimfungulii mlango wowote.

Chuo kiwe kidogo kwa makusudi. Kwa watoto sitini, wanafunzi wa ualimu kumi na watano wanatosha kabisa, na wasiingie zaidi ya watatu katika darasa moja. Watu wazima wakijaa ukutani, watoto huacha kucheza na kuanza kuwatazama wageni.

Ratiba ifuate siku ya mtoto. Watoto wanapoingia saa mbili asubuhi, wanafunzi wawe wameshafika. Uji unywewe saa nne. Watoto waondoke saa sita na nusu, na mchana wote ubaki kwa ajili ya kujadili yaliyotokea. Kila mwanafunzi amfuatilie mtoto mmoja kwa muhula mzima akiwa na daftari, na mkufunzi alisome daftari hilo kila wiki. Mwanzoni wataandika kwamba mtoto ni mtundu au ni mzito. Warudishie waandike alichokifanya: kwamba alivipanga vifuniko vya chupa kwa rangi, akavibomoa, akavipanga tena kwa ukubwa, akalia alipoitwa kula. Kujifunza kutofautisha kuona na kuhukumu huchukua karibu muhula mzima, nami sioni somo jingine linalostahili muda mwingi zaidi.

Vifaa visikutishe. Nyuzi za migomba, magunzi, udongo wa kufinyanga na maboksi vinapatikana karibu kila mahali, na kuvitengeneza ni sehemu ya mafunzo. Bembea ya chuma ya bei kubwa, kwa maoni yangu, huwafaa zaidi wapiga picha. Fedha hiyo ijenge vyoo vyenye matundu madogo ambayo mtoto hayaogopi, na kando yake vitundikwe vibuyu chirizi vya kunawia mikono.

Suala la lugha litakuletea wazazi mlangoni. Mwongozo wa taifa wa elimu ya awali unataka mtoto aanze kwa lugha anayoijua, na katika wilaya ya Tororo lugha hiyo yaweza kuwa Dhopadhola, Ateso, Lusamia au Kiswahili katika chumba kimoja. Mzazi naye anadai Kiingereza na kazi za nyumbani, maana anajua kwamba shule nyingi binafsi huwafanyia watoto mtihani kabla ya kuwapokea darasa la kwanza. Usimkebehi. Mwalike akae asubuhi moja, na mwanafunzi wako amweleze mchezo wa kuhesabu mbegu unahusianaje na hesabu anayoitaka.

Mtihani wa vitendo uwekwe Jumatatu ya kwanza ya muhula, katika darasa la wadogo kabisa, wakati nusu yao wanalilia mama zao getini. Mkufunzi aketi nyuma bila kusaidia, na mwanafunzi aachwe peke yake hadi saa ya uji.