Kujiandaa kupanda Mlima Kenya ukiwa Mombasa, umri umeshapita hamsini

Shemeji yangu ana miaka 61 na ametia nia kufika Point Lenana, kimojawapo cha vilele vya Mlima Kenya, mita 4,985. Sisi wa Mombasa tunaishi usawa wa bahari, kwenye mji tambarare, kwa hiyo kila anayeniuliza huulizia kupanda. Mimi humjibu kuhusu kushuka, maana wenzangu niliowafanyisha mazoezi, wengi magoti huwasumbua wakati wa kurudi. Haya ndiyo tuliyofuata.

Hatua ya 1: Daktari

Pima presha, sukari na moyo. Taja dawa zote unazomeza, na useme wazi unakwenda karibu mita 5,000. Kama dawa za salfa hukudhuru, mwambie kabla hajakuandikia Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko.

Hatua ya 2: Kutembea

Bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, baada ya swala ya alfajiri, au ufuo wa Nyali maji yakipwa. Mwendo wa kuweza kuzungumza bila kukatika pumzi.

Hatua ya 3: Ngazi, hasa kushuka

Tafuta jengo la ghorofa tano au zaidi, uombe ruhusa kwa askari wa mlangoni. Mashine ya kukimbilia ya jimu siipendekezi hata kidogo: haikufundishi kushuka. Na kushuka ndiko kazi. Ukipita njia ya Sirimon, siku ya kilele huenda ukatoka Lenana hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Hizo ni karibu mita 1,700 za kuteremka, na umeamka usiku wa manane.

Ukishuka, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi huku unavutika, ili kuuzuia mwili usianguke. Msuli usiozoea huchoka haraka, na ukishachoka, mshindo wote huenda gotini. Kwa hiyo anza na kidato kimoja tu. Simama juu yake kwa mguu mmoja, shika reli kwa vidole viwili, kisha teremsha kisigino cha mguu wa pili hadi kiguse sakafu, ukihesabu moja, mbili, tatu. Gusa tu, usikanyage, halafu rudi juu. Mara kumi kila mguu, mizunguko mitatu. Tazama goti: lielekee kidole cha pili cha mguu. Likiingia ndani, punguza kimo cha kidato, hata kwa kutumia ubao mnene.

Ukizoea, beba shanta lenye chupa za maji. Nachagua maji badala ya mawe au mchanga kwa sababu moja: ukifika juu unayamwaga kwenye vyungu vya maua na kushuka ukiwa mwepesi. Baada ya wiki kadhaa, bakisha chupa moja wakati wa kushuka, kisha mbili.

Mapaja kuuma siku ya pili ni kawaida. Goti kuvimba, au kuchoma ndani unapokunja, si kawaida: acha ngazi na umwone daktari. Usifanye zoezi hili siku mbili mfululizo. Umri huu misuli hutaka muda wa kujijenga, na siku ya kupumzika ni sehemu ya mazoezi.

Nunua fimbo mbili za kupandia mlima, si moja, na uzizoee huku huku. Wakati wa kushuka zirefushe kidogo.

Hatua ya 4: Jaribio

Shimba Hills, maporomoko ya Sheldrick: unateremka kwanza, kisha unapanda kurudi. Halafu Vuria, kilele cha juu cha milima ya Taita, mita 2,208. Vaa viatu vile vile vya safari.

Hatua ya 5: Mwinuko

Huu Mombasa haukupi, na mazoezi hayaukingi. Kupita mita 3,000, inashauriwa usiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa usiku mmoja. Kutoka Old Moses hadi kambi inayofuata, Shipton's, mita 4,200, ni 900 kwa mkupuo. Lipia usiku wa pili Old Moses hata wenzako wakinuna. Kichwa kikiuma, usipande zaidi mpaka kitulie. Ukipepesuka, au ukihema ukiwa umekaa, shuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Hatua ya 6: Miguu

Kata kucha siku mbili kabla ya safari, na ukianza kuteremka kaza kamba za viatu kwenye kifundo, vidole visigonge mbele.