Kusimamia barabara, taka na taa za mtaani: mwongozo kwa diwani mpya wa kamati ya ujenzi

Diwani mwenzangu, ukipangiwa kamati hii utapewa kabrasha nene na kiti kwenye gari la ziara. Kabrasha litasema kazi imekamilika kwa asilimia kadhaa, na gari litapita pale palipopendeza. Ukitegemea hivyo viwili tu, utamaliza muda wako ukiidhinisha usichokijua.

Nimekaa kwenye kamati hii vipindi viwili. Kazi yenyewe ni kulinganisha vitu vitatu: kilichoandikwa kwenye mkataba, kinachodaiwa kwenye hati ya malipo, na kilichopo chini. Linganisha kabla hela haijatoka. Ikishatoka, unabaki na malalamiko tu.

Hatua ya 1: Omba nyaraka, tena kwa maandishi

Omba mkataba, michoro, jedwali la vipimo na bei, na hati ya malipo ya karibuni. Huenda ukaambiwa hayo ni mambo ya kitaalamu. Usirudi nyuma. Jedwali linasomeka na yeyote anayejua kuzidisha: kila mstari una kazi, kipimo, kiasi na bei. Chagua mistari mitano yenye fedha nyingi zaidi, iandike kwenye daftari lako. Hiyo ndiyo utakayoikagua. Huwezi kukagua yote.

Hapo hapo uliza kila barabara iko chini ya nani. Barabara kuu mara nyingi si za halmashauri, na nimeona kikao kizima kikiisha kwa kumbana mhandisi wetu juu ya barabara isiyo yake.

Hatua ya 2: Tembea barabara kwa miguu, anza na mtaro

Nenda mvua ikishakatika, kabla maji hayajakauka. Adui wa barabara ni maji. Yanapenya kwenye ufa, yanalainisha tabaka la chini, na matairi yanamalizia. Ndiyo maana barabara ambayo mtaro wake umeziba utaiziba mashimo mwaka huu na mwakani utalipia mashimo yale yale. Mimi nikiona fedha za viraka bila fedha za kuzibua mitaro na makalavati, nasimamisha mjadala hapo hapo.

Tazama pia kama katikati pameinuka. Barabara ya lami kwa kawaida huinama kama sentimita 2.5 kwa kila mita kutoka katikati kwenda pembeni. Ya changarawe huhitaji karibu mara mbili ya hapo. Dimbwi lililotuama katikati ya barabara mpya ni ushahidi tosha wa kumwita mhandisi.

Sasa viraka. Asubuhi moja niliwakuta vibarua wakimwaga lami kwenye shimo lenye maji, kisha wakaipigapiga kwa mgongo wa koleo. Kwenye jedwali, mstari ule ulikuwa na bei ya kiraka kamili: kukata kingo ziwe wima, kutoa vipande vilivyolegea, kukausha, kupaka lami ya kunatisha, kujaza kwa tabaka na kushindilia kila tabaka kwa mashine. Nilipiga picha shimo likiwa na maji, nikaandika mahali, saa na namba ya mstari, nikampigia mhandisi. Viraka vile vilikataliwa, vikarudiwa upya. Lakini vibarua sikuwaamrisha lolote, na wewe usiwaamrishe. Diwani akianza kutoa maagizo kwenye eneo la kazi, mkandarasi anapata kisingizio kwamba alifanya alivyoambiwa na mheshimiwa. Maagizo yapite kwa mhandisi, kwa maandishi.

Kwa barabara ya changarawe chukua futi kamba. Mkataba ukisema tabaka la sentimita 15 baada ya kushindiliwa, omba mhandisi achimbe vishimo vidogo mbele yako, nawe uchague mahali. Chagua kingoni. Katikati huwa pamejazwa vizuri. Mara nyingi upungufu umejificha pembeni.

Hatua ya 3: Kwenye taka, jua kwanza mzoaji analipwa kwa nini

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Analipwa kwa tripu? Tegemea magari yaliyojaa nusu. Analipwa kwa tani? Tegemea mchanga na kifusi kupakiwa ndani ya taka. Kila njia ya malipo ina mlango wake wa wizi, na wewe kaa kwenye mlango huo.

Kwa tani, dai tiketi za mizani: gari lipimwe likiingia na mzigo na likitoka tupu, saa zote mbili ziandikwe. Panga tiketi za gari moja kwa siku moja, uzisome kwa mfuatano. Safari inayochukua saa nzima haiwezi kutoa tiketi mbili zilizopishana dakika kumi. Kazi hii haihitaji utaalamu wowote, inahitaji jioni moja ya utulivu.

Kisha fika dampo mwenyewe. Taka zinatakiwa kushindiliwa na kufunikwa udongo kila siku, kama sentimita 15 hivi, ili kuzuia inzi, harufu, moto na karatasi kupeperuka. Ukiona moshi, uliza moto umewaka tangu lini. Fuata maji meusi yanayochuruzika uone yanaishia wapi. Yakielekea mtoni au kisimani, hilo si suala la kusubiri kikao kijacho. Zungumza na waokotaji wa pale kwa heshima, maana wako pale kutwa na wanajua gari lipi huja na lipi lina jina tu kwenye orodha.

Hatua ya 4: Taa zikague usiku, kisha mchana

Kila nguzo iwe na namba. Bila namba, ripoti ya “taa karibu na kona” haitengenezwi.

Usiku hesabu zilizozima. Ikizima moja peke yake, tatizo huwa kwenye taa yenyewe. Zikizima kadhaa mfululizo, tafuta waya au swichi, na usikubali kulipia balbu mpya kwa nguzo zote hizo. Mchana tafuta zinazowaka. Hapo kihisi mwanga, kifaa kinachowasha taa giza likiingia na kuzizima kukicha, kimeharibika au kimerukwa.

Ankara nazo zitazame. Pasipo na mita, umeme hukadiriwa kwa idadi ya taa zilizo kwenye orodha. Orodha ya zamani maana yake halmashauri inalipia giza. Taa ya wati 150 ikiwaka saa 12 hula uniti 1.8 kwa usiku mmoja. Ya LED ya wati 60 hula 0.72. Zidisha kwa idadi ya taa zenu na siku za mwaka, upeleke hesabu hiyo kikaoni.

Matengenezo yaanzie kwenye vivuko vya waenda kwa miguu, njia panda na vichochoro ambavyo wanawake wanaviogopa jua likizama. Waulize wenyewe ni vichochoro vipi, nao watakutajia kimoja kimoja.

Hatua ya 5: Peleka ukurasa mmoja kikaoni

Kwa kila kasoro andika: mahali, tarehe, namba ya mstari, mkataba unasema nini, kinadaiwa kiasi gani, umekuta nini, na picha. Uliza swali lako kisha omba liingie kwenye muhtasari pamoja na jibu na tarehe ya utekelezaji. Hasira haiandikwi kwenye muhtasari, vipimo vinaandikwa. Na kama una undugu au biashara na mkandarasi, tamka mapema na utoke nje.

Mwisho, tafuta kwenye mkataba kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 12 baada ya makabidhiano. Sehemu ya fedha za mkandarasi huzuiliwa hadi kipindi hicho kiishe, ili arekebishe kasoro kwa gharama yake. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda, na mwezi mmoja kabla yake rudi barabarani na futi kamba yako.